Jina Lililomnyamazisha Mtoto wa Ngiri

Ngano, ngano!

— Na ije!

Ije na nini?

— Ije na uchungu wake, utamu tutautia wenyewe!

Na utamu ukikosekana?

— Tutameza hivyo hivyo!

Haya basi, mezeni.

Hapo kale, kale ile ambayo wanyama walikuwa bado wanapeana majina kama sisi, ngiri waliishi mji mmoja, wakubwa kwa wadogo, katika mbuga ya udongo mwekundu. Mashimo yao yalichimbwa na mhanga, maana ngiri ni mvivu wa kujenga lakini si mvivu wa kuhamia. Walikula wamepiga magoti. Walitembea kwa mstari, mkia juu, mmoja nyuma ya mwingine.

Katika mji huo alikuwapo ngiri mwanamke, jina lake Mashavu. Mashavu alikuwa mjane. Mumewe, Mhina, alichukuliwa na chui wakati mimba ingali changa, naye akabaki katika shimo la mama mkwe wake, Bibi Kisonge. Alikula alichopewa. Alilala alipoonyeshwa. Siku zake zilipotimia akajifungua mtoto mmoja, dume.

Mtoto akazaliwa, akalia.

Akalia siku ya kwanza. Wakasema, "Analia njaa." Akapewa ziwa, akalia.

Akalia siku ya pili. Wakasema, "Analia baridi." Akafunikwa kwa majani makavu, akalia.

Akalia siku ya tatu. Bibi Kisonge akasema, "Sasa nimejua. Huyu analilia jina."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya ngiri. Mtoto hapewi jina na mama, wala hapewi na baba. Huja na jina lake mwenyewe, ila hawezi kulitamka, kwa hiyo hulia. Basi kikongwe wa ukoo humwitia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Na akishalipata, huyo si mtoto mtupu tena. Hurithi salamu za mwenye jina wa kwanza, hurithi marafiki zake, hurithi na ugomvi wake.

Mwaka ule kilikuwapo kitoto kimoja kilichonyamazia jina la Kizenga, na Kizenga alikuwa marehemu mume wa Bibi Kisonge. Basi Bibi akikiona, hata kama kimejikojolea, husema, "Mume wangu, umeamkaje?" Kisha hukiwekea ndago zenye mizizi minono. Vijana wenye meno yaliyokwisha kupinda walikisalimu, "Shikamoo, babu!" Nacho hujibu kwa chafya, na mji mzima hucheka.

Mashavu aliyaona hayo, akajiambia moyoni, "Na wangu akinyamazia jina la baba yake, atapendwa vivyo hivyo. Nami nitakuwa na mtu."

Asubuhi ya siku ya nne ngiri wote wakakusanyika mbele ya shimo. Bibi Kisonge akamlaza mtoto juu ya majani, akasafisha koo, akaanza.

"Mhina?"

Mtoto akalia. Mashavu akainamisha kichwa.

"Semwali?"

Akalia.

"Mdoe?"

Akalia, tena kwa nguvu zaidi, akikitupa kichwa huku na huku.

Bibi akaita majina kumi. Akaita majina ishirini. Sauti ikaanza kukwaruza. Ndipo akalifikia jina moja ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. Akasita. Kuliruka hakuwezekani, maana aliyerukwa hukasirika, akamjia mtoto na maradhi. Basi akalitaja upesi, tena kwa sauti ya chini, kama apitaye juu ya miiba.

"Lukindo?"

Mtoto akanyamaza.

Alivuta pumzi, akailegeza shingo, akafumba macho.

"Ita tena," akasema Mzee Singa, mkuu wa mji.

"Lukindo."

Kimya.

"Ita linalofuata."

Bibi akaita linalofuata, na linalofuata hilo, na jingine. Mtoto alikuwa amelala fofofo.

Mtaniuliza, huyo Lukindo ni nani? Sikilizeni. Miaka mingi kabla ya siku hiyo, mwaka wa njaa kubwa, Lukindo ndiye aliyekuwa kiongozi wa mstari. Aliwaambia wenzake, "Nifuateni, njia hii ni salama." Wakamfuata. Njiani palikuwa na shimo la wawindaji, limefunikwa kwa fito na majani. Lukindo akapita ukingoni, waliomfuata wakaingia. Ngiri saba walikufa siku ile, na wawili kati yao walikuwa wana wa Mzee Singa. Lukindo akakimbia, asionekane tena, mwishowe akahesabiwa miongoni mwa waliokufa. Wengi walisema aliwauza wenzake. Wachache walisema hata yeye hakuliona shimo, bahati tu ilimvusha. Lakini hao wachache walisema kwa sauti ndogo.

Mzee Singa akamtazama mtoto juu ya majani.

"Amerudi," akasema. "Safari hii amekuja na uso wa kitoto."

Wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyetoa hongera.

Kesho yake akaja Nguchiro. Nguchiro ndiye aliyewatoa ngiri kupe, kazi aliyoijua tangu utotoni, naye alikuwa shoga wa Mashavu.

"Hodi, shoga! Mbona uso umeshuka hivyo? Umejifungua au umefiwa?"

"Vyote viwili."

Mashavu akamweleza. Nguchiro akasikiliza huku mikono yake haitulii, anapekua majani aliyolalia mtoto. Mara akainua kitu. Kilikuwa kupe, mnono kama buni.

"Hebu nipe sikio la mtoto."

Akalichungulia sikio la kulia. Akalichungulia la kushoto, kisha akacheka kwa hasira.

"Njoo uone kidonda hiki. Kupe alikuwa ndani kabisa, karibu na ubongo. Amekunywa siku tatu, jana asubuhi ameshiba, ameachia mwenyewe. Kupe akishiba haombwi kutoka. Shoga, mwanao hakulilia jina. Alililia sikio."

Mashavu akacheka pia, mara ya kwanza tangu afiwe.

"Nenda kawaambie!"

"Mimi? Mimi mtoa kupe nikasimame mbele ya Mzee Singa nimwambie kwamba mzimu wake ni mdudu? Atanitafuna. Mama wa mtoto ni wewe."

Basi Mashavu akamchukua kupe, akaenda kwa mama mkwe wake. Bibi Kisonge alikuwa amepiga magoti anatafuna ndago.

"Mama, nimekuja na neno."

"Sema, mkwe."

Mashavu akaliweka neno lake chini, na kupe akamweka juu ya neno. Bibi akamtazama kupe kwa muda mrefu. Kisha akamkanyaga kwa ukwato, pole pole, mpaka damu ikatoka.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi nimeita majina katika mji huu tangu meno yangu hayajapinda. Nilimwita mumeo Mhina, akanyamaza. Nilikiita kile kitoto Kizenga, kikanyamaza, na kila asubuhi namsalimu mume wangu. Sasa wataka nikauambie mji kuwa ni kupe? Kupe gani alimpa Mhina jina? Kupe gani alinirudishia mume?"

"Lakini mama, wanamwita muuaji. Ana siku tano tu."

"Watasahau. Jina ni kama shimo la kuhamia. Siku za kwanza linanuka mhanga, baadaye linanuka mwenyewe." Akatafuna, akameza. "Halafu nikuulize. Wewe unalala katika shimo la nani?"

Mashavu akarudi, akalala karibu na mwanawe, akamwimbia:

*Lala, Lukindo, lala,*
*la jana si lako, lala,*
*shimo hukulichimba, lala,*
*saba hukuwaua, lala.*

Akaimba kwa sauti ya chini, ili asisikike. Hilo likumbukeni. Aliijua kweli, na aliiimba, lakini ndani ya shimo.

Na mji haukusahau.

Mtoto akakua, akaanza kucheza. Watoto wa ngiri wana mchezo wao wa mstari. Mmoja huongoza, wengine humfuata kwa mwendo wake: akiruka wanaruka, akigaragara wanagaragara. Aliongoza wa kwanza, wakacheka. Aliongoza wa pili, wakacheka. Zamu ya Lukindo ilipofika, mmoja akapiga ukelele:

"Lukindo anaongoza! Ponyeni roho zenu!"

Wakatawanyika vichakani, mikia juu, wanacheka mpaka wanaanguka. Mama zao waliona, nao wakacheka kwa pembe ya mdomo. Mke wa Mzee Singa hakucheka. Alimjia yule mtoto aliyebaki peke yake uwanjani, akainama, akamuuliza:

"Umewaweka wapi wanangu?"

"Wanao gani, bibi?"

"Sikieni! Anajifanya hajui!"

Mtoto akarudi kwa mama yake, mkia umeshuka.

"Mama, niliwaweka wapi wana wa yule bibi?"

"Hukuwaweka popote, mwanangu."

"Mbona wote wanajua, isipokuwa mimi?"

Mashavu akafungua kinywa. Akamwona Bibi Kisonge amelala kule ndani ya shimo, jicho moja wazi. Akafunga kinywa. Akaimba:

*Lala, Lukindo, lala,*
*la jana si lako, lala.*

Zikaja mvua. Zilinyesha siku saba, udongo mwekundu ukawa uji. Siku ya nane shimo la kina Kizenga likabomoka, na yule kitoto Kizenga alikuwa ndani. Aliyekuwa karibu ni Lukindo peke yake, maana siku hizo alikuwa akicheza peke yake. Akasikia mlio chini ya ardhi. Akachimba kwa pua, akachimba kwa meno ambayo hayajaota vizuri, akachimba huku anaita, "Njooni! Njooni!" Walioisikia sauti wakaijua ni ya nani, hawakuja upesi.

Walipofika walimkuta Kizenga ametolewa, lakini hapumui tena. Na Lukindo amesimama juu yake, pua imejaa matope.

"Alikuwa anachimba!" akapaza sauti mmoja.

"Nilikuwa namtoa," akasema mtoto.

"Amechimba shimo, amembomolea mwenzake!"

"Nilikuwa namtoa. Muulizeni mama."

Mashavu alikuwa hakuona. Akamtazama Bibi Kisonge, naye Bibi alikuwa ameketi karibu na kile kitoto kilichokufa, anakilamba matope usoni.

"Nimekuwa mjane mara mbili," akasema Bibi.

Mzee Singa akakata shauri. "Huyu asitembee tena mbele ya yeyote. Awe nyuma ya mstari, nyuma ya wazee, nyuma ya wagonjwa. Awe mkia wa mji."

Ikawa hivyo. Kuanzia siku ile Lukindo akatembea mwisho, akila vumbi la ngiri arobaini. Wengine walipotazama mkia wa aliye mbele, yeye alitazama chini, maana mbele palikuwa na vumbi tupu. Akajifunza ardhi. Alijua nyayo za simba wa jana na nyayo za simba wa leo. Alijua jani lililoanguka na jani lililowekwa. Alipata akili ambayo hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemuuliza.

Mvua zikapita, mwaka ukapita, kiangazi kikaja, kikakataa kuondoka. Kidimbwi cha mji kikawa tope, tope likawa ufa. Wadogo wakaanza kulamba mawe. Mzee Singa akasema, "Tutahama. Ng'ambo ya vilima kuna bwawa." Wakatoka mji mzima, mkia juu, mmoja nyuma ya mwingine. Mashavu alikuwa katikati ya mstari. Mwanawe alikuwa mwisho kabisa.

Walitembea siku nzima. Mchana wa siku ya pili wakafika njia panda. Njia moja ilishuka bondeni, penye mchanga laini na kivuli. Njia ya pili ilipanda mgongo wa kilima, mawe makali, jua kali. Mzee Singa akawapumzisha wadogo, kisha akasema, "Bondeni."

Wakati wanapumzika, Lukindo alikuwa amezunguka peke yake, kama kawaida yake. Mstari ulipoanza kushuka, akatoka mkiani mbio, akawapita wagonjwa, akawapita wazee, akampita mama yake, akasimama mbele ya Mzee Singa.

"Simameni! Kuna shimo!"

"Nani amekupa ruhusa kupita mbele?"

"Babu, nisikilize kwanza, unipige baadaye. Nimeona visiki vya fito zilizokatwa, utomvu bado mbichi. Nimeona majani ya mti usioota huku, yametandazwa njiani. Mchanga umefagiliwa. Msishuke. Pandeni kilimani. Nifuateni, njia hii ni salama."

Loo! Maskini, hakujua amesema nini. Mstari mzima ulishtuka kwa pamoja.

"Mmesikia?" akasema Mzee Singa. "Mmesikia wenyewe? Neno kwa neno! Siku ile alituambia njia ya kufuata, tukaifuata, tukafa. Leo anatuambia tupande kilima. Basi uzima uko bondeni."

Hapo ndipo Mashavu alipotoka katikati ya mstari.

"Ni kupe!" akalia. "Jamani, alikuwa na kupe sikioni! Kupe alianguka, mtoto akanyamaza! Hakulichagua jina hili, halikumchagua! Muulizeni mama, anajua. Mama, waambie!"

Ngiri arobaini wakageuka kumtazama Bibi Kisonge. Bibi alikuwa amezeeka, ngozi imening'inia, midomo imepasuka kwa kiu. Alimtazama mkwewe. Alimtazama mjukuu wake.

"Kiu imemshika," akasema. "Msimcheke."

Wakacheka.

"Kupe!" wakaambiana. "Siku zote amekaa kimya, leo ndiyo amemkumbuka kupe!"

Mstari ukaanza kushuka tena. Wakabaki wawili kwenye njia panda, mama na mwana. Mwana akapanda mawe mawili matatu, akageuka.

"Twende, mama."

Mashavu akamtazama mwanawe aliyesimama juu ya jiwe. Alikuwa amekua. Shingo imejaa manyoya, meno yameanza kupinda. Mashavu alimjua kwa harufu, kwa sauti, kwa kovu la sikioni. Katika mji mzima hakuna aliyejua kama yeye kwamba jina lile lilikuwa la mdudu tu. Lakini alikuwa amelisikia siku zote hizo, asubuhi na jioni, likitamkwa na mke wa Mzee Singa, likitamkwa na watoto vichakani. Na jua lilikuwa kali, na mji wote ulikuwa unakwenda upande ule. Kwa muda wa pumzi moja, moja tu, hakumwona mwanawe juu ya jiwe. Alimwona Lukindo.

Akapiga hatua moja kuelekea bondeni.

"Mama," akasema mwana.

Akapiga hatua ya pili.

"Mama, huko siko."

Akapiga hatua ya tatu. Safari hii mwana hakusema kitu.

Ndipo ardhi ya bondeni ikatoa sauti, kama kuni kavu zikivunjwa gotini. Vumbi likapanda. Mzee Singa alitangulia kuingia, na waliomfuata hawakuwahi kusimama, maana ngiri hutazama mkia wa aliye mbele, na mkia ulipotoweka walikuwa wamekwisha fika. Kumi na moja waliingia. Bibi Kisonge alikuwa wa tisa. Chini walikuta miti iliyochongwa.

Waliobaki wakasimama ukingoni wanalia. Watoto wakaita mama zao, na mama wengine hawakuitika.

Na mke wa Mzee Singa, aliyekuwa wa kumi na mbili, ukwato wake umesimama kwenye ukingo wenyewe, akageuka, akamtafuta kwa macho aliye juu ya kilima.

"Ametumaliza tena!" akapaza sauti.

"Aliwaambia!" Mashavu akalia. "Aliona fito! Aliwaambia msishuke!"

"Alijuaje? Aliyetega ndiye ajuaye mtego ulipo. Mwaka wote anatembea nyuma yetu peke yake, unajua alikuwa anaongea na nani?"

"Kweli," wakasema wengine. "Alijuaje?"

Na walisema hivyo huku wanapanda kilima, kwa njia ile ile aliyowaonyesha.

Mashavu alikuwa amegeuka. Kule juu, kwenye mgongo wa kilima, mwanawe alikuwa anakwenda zake. Hakukimbia. Alikwenda mkia chini, kama aliyekwisha kuliona alilotaka kuliona, na alilokuwa ameliona si shimo la wawindaji. Ni zile hatua tatu.

"Lukindo!" mama akaita.

Hakugeuka.

"Lukindo! Lukindo wee!"

Hakugeuka. Mashavu akatafuta jina jingine la kumwitia. Akalitafuta kichwani, akalitafuta moyoni, akalitafuta katika siku zote alizomlea. Hakulipata. Hakuwa amempa. Hata ndani ya shimo, alipomwimbia kwa siri, alimwimbia kwa jina lile.

Akaita, "Mwanangu!"

Yatima wote walioachwa ukingoni wakageuka kumtazama. Yeye hakugeuka. Akaupita mgongo wa kilima, na kilima kikamfunika.

Mashavu akafika bwawani pamoja na waliobaki, akapata shimo lake. Wale yatima aliwachukua, wasiopungua sita, akawalea bila kuwaitia majina. Wakilia, alitazama kwanza masikio. Na kila jioni alipoingia kulala, hakuingia kwa kichwa. Alirudi kinyumenyume, makalio ndani, uso nje, ili akitazame kilima mpaka macho yashindwe. Yatima wakamwona mama yao anaingia hivyo, wakadhani ndivyo nyumba inavyoingiwa. Nao wakaingia kinyumenyume, na watoto wao wakaingia kinyumenyume, hata leo.

Wawindaji watawaambia ngiri huingia hivyo ili meno yabaki mlangoni, adui akija amkute tayari. Si uongo, meno yako mlangoni. Lakini siku mkimwona, msimtazame meno. Mtazameni macho.

Mafunzo ya ngano hii ni mawili. Mtoto hazaliwi na deni la aliyemtangulia, kwa hiyo msimdai. Na wewe ujuaye kweli, iseme ingali ndogo, wakati inaenea kwenye ukwato mmoja. Ukingoja ikue, siku utakayoipigia kelele watasema ni kiu, na wewe mwenyewe hutakuwa na uhakika.

Ngano imekwisha, naitua hapa.

— Itue, tumeiona!

Ilikuwa tamu?

— Haikuwa!

Mmemeza?

— Tumemeza!

Basi nendeni mkalale, na kila mmoja amtazame mwanawe usoni kabla ya kumwita.